MWALIMU WA TIMU ANAPOSHINDWA: AONDOLEWE AU APEWE MUDA?

Hakuna timu ya mpira, iwe ya kijiji, ya kikosi au ya chuo, ambayo haijapata kuiona siku ile wapenzi wake wanapogawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mwalimu aende zake, kwani timu inafungwa kila wiki. Kundi la pili husema aachwe, kwa kuwa kazi aliyoianza haijakamilika. Maneno hayo husemwa barazani penye kahawa, katika kantini za askari, na hata nyumbani wakati wa chakula cha jioni, ambako baba na mwanawe huweza kununiana siku mbili kwa ajili ya mtu ambaye hawajapata kuonana naye.

Huko Marekani ubishi huo ni mkali zaidi katika vyuo vikuu. Mpira wao si huu wa miguu tuujuao. Ni mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, na wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na mavazi ya kujikinga. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isonge mbele yadi 10, yaani mita 9 hivi. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne, ikishindwa humwachia mpinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui huleta pointi 6. Viwanja vya vyuo vikubwa huingiza watu 80,000, na vingine hupita 100,000. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali ni mwalimu wa michezo wa chuo kikuu cha jimbo. Basi si ajabu kwamba timu ikifungwa mara tatu mfululizo, jina la mwalimu huwa midomoni mwa watu wote.

Visa viwili vya nchi hiyo vinafaa kutazamwa pamoja. Kimoja ni cha chuo cha jeshi, na kingine ni cha chuo cha raia. Katika vyote viwili timu ilikuwa inafungwa kwa pointi chache tu, na katika vyote viwili wakubwa waliamua kumpa mwalimu muda zaidi. Lakini mwisho wake haukufanana hata kidogo.

WIMBO WA KWANZA NA WIMBO WA PILI

Chuo cha Kijeshi cha West Point kiko kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, nacho kilianzishwa mwaka 1802. Humo ndimo wanamofunzwa maofisa wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, timu yake hukutana na timu ya chuo cha maofisa wa Jeshi la Majini. Kwa watu wa majeshi hayo mawili, mchezo huo mmoja una uzito kuliko michezo yote mingine ya msimu.

Mchezo huo una desturi yake. Filimbi ya mwisho ikisha kulia, timu zote mbili husimama pamoja mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa, na wimbo wa chuo hicho huimbwa. Kisha timu zote huvuka uwanja na kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshinda, na wimbo wao huimbwa. Kwa hiyo kila kijana huomba aimbe wa pili. Tarehe 12 Desemba 2015, katika mji wa Philadelphia, vijana wa West Point waliimba wa kwanza kwa mwaka wa 14 mfululizo. Walikuwa wamefungwa 21 kwa 17.

Mwalimu wao, Jeff Monken, alikuwa amemaliza msimu wake wa pili. Katika msimu wa kwanza, wa 2014, timu ilishinda michezo 4 na kushindwa 8. Miongoni mwa walioifunga ni Yale, chuo ambacho hakitoi msaada wa masomo kwa ajili ya mpira. Katika msimu wa 2015 mambo yalizidi kuharibika: ushindi 2, kushindwa 10. Mchezo wa kufungua msimu huo walifungwa na Fordham, timu ya daraja la chini. Jumla yake ilikuwa michezo 24, ushindi 6.

HOJA ZA WALIOTAKA AONDOKE

Mtu aliyesema wakati ule kwamba Monken aondoke hakuwa mpumbavu wala mwenye chuki. Alikuwa na hesabu mkononi. Timu haikusonga mbele, bali ilirudi nyuma kutoka ushindi 4 hadi 2. Wapinzani walioifunga hawakuwa vigogo peke yao. Wengine walikuwa timu ambazo jeshi lilipaswa kuzishinda. Zaidi ya hayo, vijana hukaa West Point miaka minne tu. Kadeti aliyeingia mwaka 2012 aliondoka mwaka 2016 pasipo kuwashinda wanamaji hata mara moja, na muda aliopewa mwalimu haukumsaidia yeye.

Palikuwa na hoja nyingine iliyogusa heshima. Chuo hiki ndicho kilichokuwa bingwa wa nchi katika miaka ya 1944, 1945 na 1946 chini ya mwalimu Earl Blaik. Wachezaji wake watatu walipata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani: Doc Blanchard mwaka 1945, Glenn Davis mwaka 1946, na Pete Dawkins mwaka 1958. Mzee aliyeyaona hayo, kisha akaiona timu ikifungwa na Fordham, alikuwa na haki ya kuuliza nani atawajibika.

HOJA ZA WALIOTAKA ABAKI

Upande wa pili nao ulikuwa na hesabu zake. Wa kwanza kutazamwa ulikuwa mwendo wa chuo chenyewe katika kubadilisha walimu. Kati ya mwisho wa 1999 na mwisho wa 2013, West Point iliwaondoa walimu wanne, na mwingine akastaafu mwenyewe. Kila aliyeingia alikuja na mbinu zake, na vijana wakaanza upya kujifunza. Matokeo yake yalikuwa nini? Mwaka 2003 timu ilishindwa michezo yote 13. Katika misimu yote 17 tangu 1997 hadi 2013, ni msimu mmoja tu, ule wa 2010, ambao ushindi ulizidi kushindwa. Ikiwa dawa ya kumfukuza mwalimu ingekuwa inaponya, mgonjwa huyu angekwisha kupona zamani.

La pili ni hali ya kadeti mwenyewe. Mwanafunzi wa West Point huamka mapema, husoma hesabu na uhandisi, hufanya gwaride, na akihitimu hudaiwa miaka mitano ya utumishi jeshini. Ni vigumu awe na unene wa kilo 140 kama walinzi wa vyuo vya raia, kwa maana uzito wake unatazamwa na jeshi. Kwa hiyo timu hulazimika kucheza kwa mbinu iitwayo njia tatu. Kiongozi wa mashambulizi hupokea mpira, naye ana mambo matatu ya kuchagua: amkabidhi mwenzake anayepita katikati, akimbie nao mwenyewe, au amrushie mwenzake aliye pembeni. Huamua kwa kutazama maadui wanaelekea wapi, katika muda mfupi kama kupepesa jicho. Mbinu hiyo huwawezesha watu wadogo kuwashinda watu wakubwa, lakini haijifunzwi kwa msimu mmoja. Ni kama kulenga shabaha: mkono hufuata jicho baada ya kurudia mara elfu.

Monken aliijua mbinu hiyo vizuri. Tangu 2002 hadi 2007 alikuwa mwalimu msaidizi katika timu ya wanamaji, yaani alikuwako siku wimbi la ushindi wao dhidi ya West Point lilipoanza. Baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Georgia Southern, na mwezi wa Novemba 2013 timu yake ilikifunga chuo kikubwa cha Florida 26 kwa 20 pasipo kukamilisha hata pasi moja ya mbele.

La tatu, na hili ndilo lililohitaji macho ya utulivu, ni namna timu ilivyofungwa. Kati ya michezo 10 iliyopotea mwaka 2015, saba ilipotea kwa tofauti ya pointi 7 au chini yake. Penn State, chuo chenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000, walishinda 20 kwa 14 tu. Katika mchezo dhidi ya wanamaji, aliyeongoza mashambulizi ya West Point alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza. Vijana walioandikishwa na Monken mwenyewe walikuwa bado wachanga. Waliotangulia waliandikishwa na mwalimu aliyeondoka.

Wakubwa wa chuo waliyapima yote hayo, wakamwacha aendelee.

MWAKA 1951 HAUJASAHAULIKA

West Point ilikuwa na mfano wake wa zamani wa subira. Mwezi wa Agosti 1951 iligunduliwa kwamba makadeti wengi walikuwa wakipeana majibu ya mitihani, kinyume cha kiapo cha uaminifu cha chuo. Karibu makadeti 90 walihusika, na wengi walikuwa wachezaji wa mpira. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kumzaa wa mwalimu Earl Blaik, naye aliondoka pamoja na wenzake. Baba huyo alitaka kujiuzulu kwa fedheha. Jenerali Douglas MacArthur, ambaye alimfahamu tangu zamani, alimshauri asiondoke.

Blaik alibaki na vijana wasio na uzoefu. Msimu huo walishinda michezo 2 na kushindwa 7, na wanamaji wakawafunga 42 kwa 7. Mwaka 1952 walishinda 4, wakashindwa 4, wakatoka sare 1. Mwaka 1953 walishinda 7, wakashindwa 1, wakatoka sare 1, nao wakawafunga wanamaji 20 kwa 7. Blaik aliendelea hadi 1958, na msimu wake wa mwisho hakufungwa hata mara moja.

Hata hivyo ni lazima kukumbuka kwamba Blaik alikuwa amekwisha kuonyesha uwezo wake kabla ya msiba. Subira kwa mtu mwenye sifa si sawa na subira kwa mtu ambaye bado hajulikani.

DESEMBA 2016

Msimu wa tatu wa Monken ulianza kwa ushindi wa 28 kwa 13 dhidi ya Temple. Tarehe 10 Desemba 2016, katika mji wa Baltimore, timu ikakutana tena na wanamaji. West Point waliongoza 14 kwa 0 hadi mapumziko, kisha wakazidiwa, ikawa 17 kwa 14 kwa upande wa wanamaji. Wengi waliokuwa wamekaa wakavuta blanketi zao, wakasema ni yale yale ya miaka yote. Zikiwa zimesalia dakika kama 6, kiongozi wa mashambulizi Ahmad Bradshaw alikimbia na mpira hadi mwisho wa uwanja. Mchezo ukaisha 21 kwa 17, hesabu ile ile ya mwaka uliotangulia, lakini safari hii makadeti wa West Point waliimba wa pili.

Haki inataka isemwe pia kwamba kiongozi wa mashambulizi wa wanamaji alikuwa ameumia wiki moja kabla, nao walimwanzisha kijana asiye na uzoefu. Bahati ina sehemu yake katika mpira. Lakini bahati haielezi yaliyofuata. Mwaka 2017 timu ilishinda michezo 10. Mwaka 2018 ilishinda 11, na katika mchezo mmoja iliipeleka Oklahoma, mojawapo ya timu kali kuliko zote, hadi muda wa nyongeza; vijana wa jeshi waliushikilia mpira dakika zaidi ya 44 kati ya 60, wakafungwa 28 kwa 21. Tangu 2016 hadi 2023 waliwashinda wanamaji mara sita katika mara nane. Mwaka 2024 walishinda michezo 12, wakachukua ubingwa wa shirikisho kwa mara ya kwanza katika historia yao.

SUBIRA ILIYOKOSA MATUNDA

Kama habari ingeishia hapo, fundisho lingekuwa jepesi: mpe mwalimu muda, naye atashinda. Lakini kisa cha Nebraska kinakataza mtu asifikiri hivyo.

Chuo Kikuu cha Nebraska ni cha kilimo na mahindi na watu wenye moyo mzito wa mpira. Uwanja wao umekuwa ukijaa katika kila mchezo tangu mwaka 1962. Walikuwa mabingwa wa nchi mara tano, mara ya mwisho mwaka 1997. Mwaka 2003 walimwondoa mwalimu ambaye timu yake ilikuwa imeshinda michezo 9 na kushindwa 3, wakiona hiyo haitoshi. Tangu hapo walihangaika kwa mwalimu baada ya mwalimu, na wapenzi wengi wakajuta kwa haraka ile.

Mwishoni mwa 2017 walimwita nyumbani mtoto wao, Scott Frost, aliyeongoza mashambulizi ya timu ile ya ubingwa ya 1997. Alitoka Florida ya Kati, ambako timu yake ilishinda michezo yote ya msimu wake wa mwisho. Walimpa mkataba wa miaka 7 na dola milioni 35. Mwaka 2018 alishinda 4, mwaka 2019 alishinda 5, mwaka 2020 alishinda 3, mwaka 2021 alishinda 3 na kushindwa 9.

Jambo la ajabu ni kwamba katika michezo hiyo 9 ya mwaka 2021, hakuna hata mmoja aliofungwa kwa zaidi ya pointi 9. Waliotaka abaki walitoa hoja ile ile ya West Point: tumekaribia, tumsubiri. Wakubwa wakakubali. Mwezi wa Novemba 2021 mshahara wake ulipunguzwa kutoka dola milioni 5 hadi milioni 4 kwa mwaka, akaambiwa aendelee.

Mchezo wa kwanza wa 2022 ulichezwa Dublin, Ayalandi. Nebraska ikiongoza kwa pointi 11, mwalimu aliamuru mkwaju mfupi wa kubahatisha ili wauchukue mpira tena. Wapinzani wao, Northwestern, wakaudaka, wakageuza mchezo na kushinda 31 kwa 28. Tarehe 10 Septemba wakafungwa nyumbani 45 kwa 42, na aliyewafunga alikuwa Georgia Southern, chuo kile kile alichotoka Monken. Kesho yake Frost aliondolewa. Laiti wangesubiri hadi tarehe 1 Oktoba, malipo ya kuvunja mkataba yangeshuka kutoka dola milioni 15 hivi hadi milioni 7.5. Hawakuweza kusubiri hata wiki tatu.

DALILI ILE ILE, MAGONJWA MAWILI

Kwa nini kufungwa kwa pointi chache kulikuwa dalili ya kupona huko West Point, na dalili ya ugonjwa huko Nebraska? Jibu limo katika maswali matatu ambayo shabiki mwenye busara angeyauliza kabla ya kupiga kelele.

Kwanza, ni mwaka wa ngapi? Monken alikuwa katika mwaka wa pili, na wachezaji wake mwenyewe walikuwa bado hawajakomaa. Frost mwaka 2021 alikuwa katika mwaka wa nne. Karibu kila aliyekuwa uwanjani alikuwa ameletwa au kulelewa naye.

Pili, makosa ni mapya au ni ya zamani? Timu changa hukosa hiki leo na kile kesho. Nebraska iliponzwa mara kwa mara na upande wa mikwaju: mwaka 2021 Michigan State waliwafunga kwa kuurudisha mkwaju wao mwendo mrefu, na Iowa wakauzuia mkwaju wao na kupata pointi. Kosa linalorudi kila mwezi halingoji muda, linangoja mtu wa kulirekebisha.

Tatu, mwalimu hujirudi akikosea? Mwaka 2023 Monken alibadili mbinu zake za kushambulia kwa sababu ya sheria mpya za mchezo, na timu ikafungwa michezo mitano mfululizo. Mwaka uliofuata aliirudisha sehemu kubwa ya mbinu ya zamani, nao ndio mwaka wa ushindi 12.

FAMILIA ZILIZO NYUMA YA MWALIMU

Katika kelele za uwanjani kuna watu wasiotajwa. Mwalimu mkuu akiondolewa, kwa kawaida wasaidizi wake nao huondoka, na huwa kumi au zaidi. Wake zao huacha kazi, watoto hutolewa shuleni katikati ya mwaka, nyumba huuzwa. Familia ya askari inayahamu maisha ya kuhamishwa, nayo haitaona ugumu kuelewa. Mwalimu mkuu wa chuo kikubwa huondoka na mamilioni. Msaidizi wake mdogo huondoka na masanduku.

Hiyo si sababu ya kumwacha asiyefaa, kwa maana vijana nao wana haki ya kufundishwa vizuri katika miaka yao minne. Ni sababu ya kuamua kwa kupima, na si kwa hasira ya Jumamosi jioni.

Siku hizi kupima huko kumekuwa kugumu zaidi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya raia wameruhusiwa kulipwa kwa ajili ya majina yao, na kuhama kumekuwa rahisi. Timu huweza kubadilika uso kwa msimu mmoja, na wapenzi hudai ushindi upesi. Makadeti wa West Point hawaruhusiwi malipo hayo. Kwao timu bado hujengwa kwa njia ya zamani, mwaka juu ya mwaka.

Wahenga walisema subira yavuta heri, na walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Shabiki anayesimama upande wowote wa ubishi huu atapata methali ya kumtetea. Afadhali aiweke methali kando kwanza, atazame timu yake inavyofanya mazoezi, ahesabu ni kosa gani limerudiwa na ni lipi limekoma, kisha ndipo aseme kama mwalimu aende au abaki.